Tusimamao Kando ya Njia

Siku ya Pasaka ya mwaka 2024, yaani tarehe 31 Machi, viti vya nyuma upande wa kushoto wa kanisa letu, mahali ambapo vijana hupenda kuketi, vilikuwa vitupu. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wamerudi nyuma katika imani. Walikuwa Naivasha. Mashindano ya Safari Rally yalikuwa yamerudishwa kwenye siku za Pasaka kama yalivyokuwa zamani za utoto wetu, na vijana hao walikuwa wamekodi matatu tangu Alhamisi, wakachukua mablanketi na sufuria, wakaenda kulala kwenye baridi ili wapate kuona motokaa zikipita.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baadhi ya wazee wa kanisa walitaka vijana waitwe wakemewe. Mzee mmoja (hatumtaji jina, maana twaketi naye kiti kimoja) alisema kwamba mtu mzima kusimama juani saa tano ili aone kitu kwa muda wa sekunde tano, kisha atokwe na machozi kwa sababu gari la mgeni limevunjika gurudumu, huo ni ugonjwa. Kijana mmoja akajibu kwa adabu, mikono nyuma: "Baba, hatukulia kwa ajili ya gari." Alipoulizwa basi walilia kwa ajili ya nini, alinyamaza kitambo, akasema hajui.

Jibu lile lilitupendeza kuliko kama angalitoa hotuba. Ndipo tukaombwa, kwa kuwa tumefundisha miaka mingi na tunadhaniwa kuwa na majibu, tuandike neno katika gazeti hili la parishi juu ya jambo hilo: Je, Mkristo afanya vema au vibaya kusimama kando ya njia na kushangilia watu wanaokimbia katika hatari? Na yale machozi, ni ya nini?

Hatuna budi kusema mapema kwamba sisi si watu wa kufaa sana kuwakemea vijana hao. Sababu yake tutaieleza mbele.

Walio wadogo huenda hawajui mashindano haya yalivyokuwa. Yalianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na jina lake la kwanza lilitokana na kutawazwa huko. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya maili, kwa mchana na usiku, wakati wa mvua za masika. Kuanzia mwaka 1974 yakawa ya Kenya peke yake. Siku hizi njia hufungwa, na mashindano hupigwa kwa vipande vipande vyenye walinzi na kamba. Zamani hapakuwa na kufunga njia. Barabara ilikuwa ile ile ya ng'ombe, ya mabasi, ya akina mama wanaotoka sokoni na vikapu. Na motokaa ya mashindano ilipita katikati yao yote, taa zikiwaka mchana. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza saba tu. Mwaka 1968 zikamaliza saba tena, na washindi wakawa wale wale wa mwaka 1963, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Kwetu Taita, motokaa zilipanda milimani kwa barabara nyembamba ya udongo mwekundu, genge upande huu na bonde upande huu. Tulizisikia kabla ya kuziona. Sauti ilianzia mbali chini, mfano wa nyuki katika mtungi, ikapotea nyuma ya mlima, ikarudi kubwa zaidi. Kisha usiku ukapasuka kwa taa, miti yote ikawa myeupe, mawe yakaturukia miguuni, na tulipofumbua macho palibaki harufu ya petroli na vumbi, au matope usoni ikiwa mvua ilikuwa imenyesha. Basi. Tukakaa tena kungoja nyingine. Watu wazima waliokuwa nasi, watu wenye heshima zao, walikuwa wakishikana mikono na kuruka kama wana-mbuzi. Tuliwahi kumwona mzee mmoja ambaye hakulia katika mazishi ya ndugu yake akijifuta macho kwa ukingo wa koti, motokaa ya Joginder Singh ilipopita.

Na huyo Joginder alikuwa nani kwetu? Alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Kericho, mwenye kilemba na ndevu. Hatukuwa na Singasinga hata mmoja kijijini. Dini yake hatukuijua, wala yeye hakutujua. Lakini watu walimwita Simba, na aliposhinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokuwa imekwisha tumika na wengine, na tena mwaka 1974 na 1976, tuliona kana kwamba mjomba wetu amerudi na zawadi. Vivyo hivyo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyelingana kabisa kwa pointi na Harry Källström wa Uswidi mwaka 1973, akapewa ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta alishinda mara tano kwa jumla. Watoto wasiojua majina ya manabii wadogo waliweza kutaja matokeo hayo bila kukosea, na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alihuzunika sana kwa jambo hilo. Labda alikuwa na haki. Hata hivyo mtu akituuliza ni lini tulijifunza mara ya kwanza kumpenda mtu asiye wa kabila letu wala wa kanisa letu, hatuwezi kusema kwamba ilikuwa kanisani. Ilikuwa genge lile la udongo mwekundu.

Basi hatukubali neno la kwamba ni ugonjwa. Na hatukubali pia kwamba watu huvutwa na mwendo wa kasi. Kama kasi ndiyo iliyotuvuta, mabasi ya kwenda Mombasa yangalitutosha, wala hayatozi kiingilio kwa kutazamwa. Kinachomgusa mtazamaji ni kuona binadamu mwenzake akitumia yote aliyo nayo, macho yake, mikono yake, akili yake na ujasiri wake, bila kubakiza. Wengi wetu huishi kwa nusu. Twaimba kwa nusu sauti, twafundisha kwa nusu moyo, twasali huku tukifikiri juu ya chakula cha mchana. Mara moja moja tukiona mtu aliyejitoa mzima mzima, hata kama ni kwa jambo dogo la dunia hii, kitu ndani yetu husimama. Mtume Paulo aliwajua wakimbiaji wa viwanjani, akawatumia katika mafundisho yake bila kuona haya.

Lakini kuna upande mwingine, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Ondoa hatari, je, tungaliendelea kusimama pale? Ile barabara ya mlimani tuliichagua kwa nini? Palikuwa na mahali pazuri zaidi pa kutazamia, penye kivuli na majani, kwenye njia iliyonyooka, ambapo motokaa ilionekana kwa muda mrefu. Hakuna aliyekaa huko. Wote tulisongamana kwenye kona mbaya.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia habari za mwanafunzi na rafiki yake Alipio, ambaye huko Karthago alinaswa na mashindano ya magari ya farasi hata akawa karibu kuharibikiwa. Siku moja Augustino, akifundisha darasani, alitoa mfano wa kuwadhihaki watu waliotekwa na michezo hiyo. Hakuwa akimfikiria Alipio hata kidogo; lakini Alipio aliyachukua maneno yale kuwa yake, akaacha kwenda. (Walimu wenzetu watatabasamu hapo. Neno tulilolitayarisha usiku kucha kwa ajili ya mwanafunzi fulani hupita juu ya kichwa chake, na lile lililotuponyoka ndilo analolishika maisha yake yote.) Baadaye, huko Roma, rafiki zake walimvuta Alipio kwa nguvu hadi uwanja ambapo watu walipigana hata kuuana. Akafumba macho, akaapa kutotazama. Umati ulipopiga kelele, akafumbua.

Zaidi ya hayo, Augustino asema jambo juu yake mwenyewe ambalo halijatutoka moyoni tangu tulisome. Katika ujana wake alipenda sana kwenda kutazama michezo ya kuigiza yenye huzuni, akalia, na kadiri alivyolia ndivyo alivyofurahi. Baadaye akajiuliza: huruma hii ni huruma gani? Kwa maana mtazamaji haitwi kusaidia. Aitwa kuhuzunika tu. Akihuzunika vizuri, husema ya kuwa mchezo ulikuwa mzuri.

Tazama, hapo pana neno. Machozi yanayoambiwa kaa pale ulipo.

Tuchukue mfano wa kweli. Pwani ya Uholanzi kuna uwanja wa mashindano ya magari uitwao Zandvoort. Tarehe 29 Julai 1973 kijana Mwingereza aitwaye Roger Williamson, akiwa katika shindano lake la pili tu la daraja lile kubwa, alipata ajali. Gari lake likapinduka, likashika moto, naye akiwa chini yake, hai. Dereva mwingine, David Purley, aliyekuwa akishindana naye, alisimamisha gari lake, akakimbia kuvuka njia, akajaribu kwa mikono yake peke yake kuliinua lile linalowaka. Hakuweza. Akachukua chombo cha kuzimia moto, akarudi, akajaribu tena. Walinzi waliokuwapo hawakuwa na mavazi ya kukinga moto, hawakuweza kukaribia. Shindano halikusimamishwa. Madereva wengine walipita, mzunguko baada ya mzunguko, wakimwona mtu amesimama karibu na gari linaloungua, wakadhani kwamba ndiye mwenye gari na kwamba amesalimika. Watazamaji kadhaa walipoona mambo yalivyo walitaka kuruka ua wakasaidie. Wakazuiwa na askari wenye mbwa. Williamson akafa pale pale, mbele ya macho ya watu wote. Purley alipewa nishani ya George kwa ushujaa wake, lakini picha zilizobaki zamwonyesha akiondoka mikono mitupu.

Twaifikiri mara nyingi siku ile, si kwa ajili ya Purley tu, bali kwa ajili ya wale watu wa kwenye ua. Walikuwa wamelipa kiingilio ili waone hatari. Hakuna haja ya kuficha. Na hatari ilipovua kinyago, baadhi yao miguu yao ilitangulia kabla ya akili zao. Hapo kitendawili cha Augustino kilikuwa kimefunguliwa: mtazamaji alikuwa amekwisha itwa kusaidia, na ua ukasema hapana.

Kwa hiyo kwa muda mrefu tulijisifu kimoyomoyo. Tulisema: Safari yetu si kama viwanja vya Ulaya. Kwetu hapakuwa na ua. Motokaa ilipozama matopeni, watazamaji ndio waliokuwa breki na ndio waliokuwa injini. Wanaume walivua viatu, akina mama wakakunja kanga, watoto wakakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, wakasukuma kwa wimbo hata ikatoka, ikawatapikia matope wote, nao wakacheka. Hawakuuliza hii ni ya Datsun au ya Ford, dereva ni Mfini au Muhindi. Aliyezama alisukumwa. Tulidhani kwamba sisi tulikuwa tumempita Augustino.

Sasa tutaeleza ile sababu. Hatutautaja mwaka, kwa kuwa wawili kati ya wenzetu wangali hai na hatukuomba ruhusa yao.

Tulikuwa watoto watano, wa umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili. Mwaka uliotangulia motokaa moja ilizama kwenye kona chini ya kijiji chetu, nasi tukawa wa kwanza kufika. Tuliisukuma. Dereva alitupa shilingi moja moja, na karatasi yenye picha ya kubandika mlangoni, na watu wote kijijini walitusifu hadi Krismasi. Tulikaa mwaka mzima tukingojea furaha ile irudi. Pasaka ikafika, na mvua haikutosha. Barabara ilikuwa na unyevu tu, imara, nzuri. Motokaa zingepita kama mishale.

Jumamosi jioni tulitumwa kufagia kanisa na kupanga maua kwa ajili ya kesho yake. Tukafagia, tukapanga. Kisha tukachukua majembe mawili, tukashuka hadi kwenye kona, tukaufungua mfereji wa maji wa kijiji tukaugeuza uingie barabarani, na pale maji yalipoingia tukachimba. Hatukuchimba kidogo. Tuliona kazi ile kuwa tamu. Tulikuwa tukicheka kwa sauti ya chini. Giza lilipoingia palikuwa na bwawa lililotulia kimya, na usingejua kina chake.

Motokaa kubwa zilianza kufika usiku wa manane. Hazikuzama. Madereva wale mashuhuri waliliona bwawa, au walilinusa, sijui. Waliruka, maji yakapaa kama mbawa, umati ukalia kwa furaha, wakaenda zao. Tukavunjika moyo. Karibu na alfajiri, watu wengi wakiwa wamekwenda kulala, ikaja motokaa moja peke yake. Haikuwa ya kiwanda. Ilikuwa ya watu wawili waliojigharamia wenyewe, ya rangi ya samawati, imebonyea ubavuni, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, taa moja tu ikiwaka. Ikaingia bwawani pua mbele. Tulisikia sauti kama ya mti unaovunjika.

Tulikimbia. Na hapa twaomba msomaji asikie vizuri: tulikimbia kwa furaha iliyo safi kabisa. Tuliingia majini mpaka kifuani, tukasukuma, tukaimba, na ilipoanza kupanda kutoka shimoni mmoja wetu alilia machozi, nasi wengine tukalia naye, kwa sababu ilikuwa nzuri mno, kuwa watu wa kusaidia, usiku ule, wenye taa ile moja. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba shimo lilikuwa letu. Hatukuwa tukijifanya. Moyo ulikuwa umesahau.

Motokaa ikatoka, lakini gurudumu la mbele lilikuwa limelala upande. Yule msaidizi, msoma ramani, alikuwa na damu kwenye paji la uso. Dereva akalala kifudifudi kwenye matope, akamulika chini kwa tochi, akakaa hapo muda. Kisha akainuka, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akaweka kofia yake katikati ya miguu, akalia. Hakutoa sauti. Tulikuwa hatujapata kuona mwanamume mzima akilia hivyo. Msaidizi wake akatuambia kwa Kiswahili, kana kwamba anatuomba radhi kwa ajili ya mwenzake: "Tulitaka kufika tu. Hatukutaka kushinda."

Baadaye dereva alijifuta uso, akasimama, akapita kwa kila mtoto akimpa mkono na kumshukuru. Alisema mvua ya huku ni mbaya. Akatoa mkate na mayai ya kuchemsha waliyokuwa wamefungiwa kwa ajili ya njiani, akatugawia yote, akasema Mungu atubariki. Wakati huo kengele ya Pasaka ikaanza kulia juu kwenye kanisa. Tukala mayai tukiwa tunapanda mlima.

Tuliketi kiti cha mbele, nywele zikiwa na matope. Katika maungamo, ambayo humo twataja tuliyoyatenda na tuliyoacha kuyatenda, midomo yetu ilikwenda pamoja na ya wengine. Hakuna aliyesema kitu, wala siku ile, wala baadaye. Mwaka uliofuata kijiji kilitusifu tena.

Sasa wazee wataona kwa nini hatuwezi kuwaita vijana na kuwakemea. Na vijana nao wasifikiri kwamba tunawaambia machozi yao ya Naivasha ni ya uongo. Yetu hayakuwa ya uongo. Jambo lenyewe ndilo hilo linalotisha: yalikuwa ya kweli, na shimo lilikuwa letu. Tangu siku ile hatuwezi kumwamini mtu, wala kujiamini sisi wenyewe, kwa sababu ya machozi peke yake. Kuna upendo upendao kuokoa kiasi kwamba hauwezi kustahimili barabara iliyo nzuri. Hutaka pawe na wa kuzama. Wakati mwingine tumeuona hata hapa parishini, kwa namna yake: mgonjwa hatembelewi miezi sita, na akifa watu hushindana kwa michango, kwa mashada ya maua na kwa vilio. Tuishie hapo, tusije tukakosana na watu.

Kosa la mtazamaji laweza pia kuwa la namna nyingine, la kutaka kuwa karibu mno. Mwezi Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, watu walikuwa wamejaa barabarani kwenyewe; baadhi yao walikuwa na mchezo wa kugusa motokaa ikipita. Dereva mmoja, Joaquim Santos, akijaribu kuwakwepa, alipoteza njia akaingia katikati ya umati. Watatu walikufa, na zaidi ya thelathini waliumia. Madereva wa viwanda walikataa kuendelea. Tunaandika hili kwa sababu vijana walituonyesha picha zao za Naivasha, na katika mbili kati ya hizo twaona wazi ya kuwa mpiga picha alikuwa amesimama mahali asipopaswa kusimama. Yeye anajijua. Mama yake hajaziona.

Tulikutana na vijana hao Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa, nasi tukawasimulia habari ya kona yetu. Hatukuwa tumepata kuisimulia kabla ya hapo, hata nyumbani. Walinyamaza. Kisha yule kijana aliyesema hajui, akaanza kueleza habari za mwaka 2021, Safari iliporudi katika mashindano ya dunia baada ya karibu miaka ishirini. Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa akiongoza hadi Jumapili asubuhi, na katika kipande cha kwanza cha siku hiyo motokaa yake ikavunjika miguu ya nyuma, yaani zile springi na vyuma vyake, akaishia hapo. Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda, na Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili, mara yake ya kwanza kusimama jukwaani. Kijana alisema kwamba yeye alikuwa upande wa Katsuta, na habari za Neuville zilipofika, aliruka kwa furaha. Halafu akaona katika simu uso wa Neuville. "Mwalimu," akasema, "niliona aibu, na sikuacha kufurahi. Yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana niliposwaliwa na mzee nilisema sijui."

Tulimwambia kwamba amefika mbali kuliko sisi tulivyofika katika umri wake. Sisi furaha tulikuwa nayo, aibu ilichelewa.

Ndipo msichana mmoja, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza: "Yule dereva mliwahi kumtafuta?"

Hatukuwahi. Tulikuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kumtafuta. Tulisomea ualimu, tukafundisha, tukastaafu, tukasoma somo la kwanza kanisani mara nyingi zisizo na hesabu, na halikutujia wazo la kwamba mtu yule alikuwa na jina, na kwamba majina ya walioanza mashindano yalichapishwa magazetini kila mwaka, pamoja na namba zao. Tukasema namba tumeisahau. Msichana akasema namba haina haja sana ikiwa twaukumbuka mwaka na aina ya motokaa, kwa maana magazeti ya zamani yamehifadhiwa Nairobi, na yeye hupita huko kila juma akienda chuoni.

Kama yu hai, basi ana umri wa miaka tisini au karibu. Huenda bado anasema kwamba mvua ya Taita ilimnyima kufika.

Tumempa msichana huyo mwaka, na rangi, na habari ya mlango uliofungwa kwa waya. Wenzetu wawili tumewapigia simu. Mmoja alikata. Wa pili alinyamaza sana, kisha akauliza kama tumekwisha pata jina.